Watani wa Tanga wapewe siku yao, na jembe lianze Mei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa Coastal Union, wa African Sports na wa chama cha mpira cha mkoa wa Tanga kuhusu mechi ya watani.

Mji wetu una klabu mbili zilizozaliwa kabla ya uhuru. African Sports, Wana Kimanumanu, ni ya mwaka 1936. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ni ya 1948, na ubingwa wa Tanzania Bara iliubeba 1988. Zote zimelelewa Ngamiani, mitaa ya katikati ya mji wetu, na si ajabu pale kukuta baba ni Coastal na mjomba ni Sports, nao wanakula sinia moja. Lakini mtoto anayesoma shule ya msingi leo hajui watani hawa wanapogombea pointi za Ligi Kuu mji unakuwaje.

Msimu wa 2015/16 Coastal, Sports na Mgambo, timu tatu za mkoa mmoja, zilishuka daraja kwa mkupuo. Coastal walirudi msimu wa 2018/19, na 2023/24 wakamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Sports hawajarudi Ligi Kuu tangu hapo. Kama ratiba ya ligi haiwakutanishi, mji uwakutanishe wenyewe: mechi moja kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Julai, uwanja wetu wa Mkwakwani, kabla ligi haijaanza. Tarehe iwe hiyo hiyo kila mwaka, isihamishwe kwa sababu ya mtu yeyote.

Najua watakaopinga watasema nini: mechi za watani zinaleta vurugu, zinavunja wachezaji miguu, na mapato hayaonekani. Malalamiko hayo ni ya kweli. Ila ukifuatilia kila moja, utakuta mzizi wake ni kazi ambayo haikufanywa wiki au miezi kabla ya filimbi.

Tuanze na miguu. Julai masika yamekwisha, kusi inavuma, ardhi imekauka. Desturi ni kuleta boza moja la maji asubuhi ya mechi, na hapo ndipo kosa lilipo. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una eneo la mita za mraba 7,140. Boza la lita 10,000 likimwagwa humo linaacha maji yasiyofika hata milimita moja na nusu. Yanalowesha vumbi la juu tu, chini kunabaki kugumu kama sakafu. Mchezaji akigeuka kwa kasi, njumu inateleza kwanza, kisha inanasa ghafla kwenye ugumu wa chini. Mwili umeshageuka, goti halijageuka. Kumwagilia kunakofaa ni angalau milimita 5 kwa mara moja, yaani karibu lita 36,000, maboza matatu na nusu. Kufanywe jioni, mara tatu kwa wiki, kwa wiki mbili, na kuishie juzi yake ili siku ya mechi juu kuwe kukavu na chini kulaini. Kipimo ni rahisi: chukua bisibisi yenye chuma cha sentimita 15, isukume ardhini kwa mkono mtupu. Ikigoma kuingia, wachezaji wasiingie.

Ukoka ukatwe hadi sentimita 3, lakini si kwa siku moja. Ukikata zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mkupuo, unakwenda njano na mizizi inadhoofika. Kama una sentimita 9, anza na 6, acha siku nne, shuka hadi 4, ndipo umalizie.

Vipara vya golini vina tabu yake. Watu huvijaza mchanga wa pwani. Mchanga huo una chumvi inayoua ukoka, na ukikauka unakimbia chini ya mguu wa kipa anapotaka kuruka. Kibaya zaidi, kipara kisipojazwa kinachimbika. Mtambaa panya unatakiwa uwe mita 2.44 kutoka ardhini. Pakichimbika sentimita 6 katikati, kipa analinda goli la mita 2.50. Dawa ni kulima kina cha sentimita 10, kuchanganya udongo na samadi iliyooza, na kupanda vipande vya ukoka vyenye mizizi, kimoja na kingine sentimita 10 hadi 15. Vimwagiliwe kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, na pasikanyagwe na mtu kwa wiki nane.

Sasa mistari. Hapa nataka nisikilizwe vizuri, kwa sababu Tanga ni mji wa chokaa na tumeizoea mno. Chokaa inayotoka tanuruni, iwe imezimwa au haijazimwa, si ya kuchorea uwanja. Isiyozimwa ikikutana na maji inachemka. Iliyozimwa haichemki, lakini bado inaunguza ngozi yenye jasho. Beki anayeteleza juu ya mstari anainuka na paja lililochubuka lenye unga mweupe ndani ya kidonda. Jioni paja hilo ni jekundu kama lililopitiwa na pasi. Ikiingia jichoni inaweza kumpofua. Huduma ya kwanza ni kufuta unga ulio nje, kulifungua jicho na kulimwagia maji safi mfululizo kwa dakika 20, kisha hospitali, bila kusubiri mapumziko. Tumieni unga wa mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, au rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa kiasi cha kupita kwenye mashine bila kuziba. Oili chafu pia iachwe: inaua ukoka, na msimu mzima uwanja unabaki na mifereji.

Mistari yote ya uwanja wa ukubwa huo, pamoja na duara na vipinde, inafika karibu mita 717. Si kazi ya saa mbili asubuhi ya mechi; ifanywe jana yake. Kamba ya nailoni inavutika, kwa hiyo vipimo vichukuliwe kwa tepu, kamba ibaki ya kunyooshea tu. Pembe zipatikane kwa 6, 8 na 10: mita 6 kwenye mstari wa goli, mita 8 kwenye mstari wa pembeni, na mshazari kati ya ncha hizo uwe mita 10 kamili. Mwisho pimeni mishazari miwili ya uwanja mzima, kila mmoja uwe mita 125.10. Ikitofautiana, uwanja umepinda. Na uwanja uliopinda unazaa ugomvi, maana mwamuzi msaidizi anatumia mstari wa boksi kama rula ya kuamulia kuotea. Mstari ukienda mshazari, naye ataamua mshazari, na mashabiki watasema amenunuliwa. Penalti nayo ni mita 11 za tepu, si hatua za mtu.

Nyavu zikaguliwe tundu kwa tundu siku mbili kabla. Bao lililopita kwenye wavu uliotoboka ubavuni linaweza kuvunja mechi hii kuliko kadi nyekundu tatu.

Nakuja kwenye fedha. Kwa mechi zinazotumia N-Card, kadi ya kielektroniki ya kulipia kiingilio, mwanya umepungua, lakini mechi ya kirafiki bado huuzwa kwa tiketi za karatasi, na utaratibu wake haujabadilika. Tiketi ziwe na namba. Kila mlango upewe vitabu vyake, namba ziandikwe kwenye fomu na kusainiwa na watu watatu: wa Coastal, wa Sports na wa chama. Muuzaji asiwe ndiye mchanaji. Mchanaji achane mbele ya shabiki, kipande kiingie kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli.

Tuseme mlango mmoja umepewa namba 3001 hadi 3500, na zilizorudi zinaanzia 3412. Zimeuzwa 411. Kwa bei ya shilingi 3,000, muuzaji analeta 1,233,000, hapungukiwi hata mia. Kisha fungueni sanduku. Mkikuta vipande 398, basi watu hadi 13 walipita bila tiketi zao kuchanwa, na tiketi nzima hurudi nje kuuzwa mara ya pili, fedha zikaingia mfuko mwingine. Hesabu ya muuzaji itakuwa safi kabisa, na bado mapato yamevuja. Ndiyo maana kuhesabu fedha bila kuhesabu vipande hakusaidii. Hesabu ifanyike dakika ya 60 ya mchezo, milango ikishafungwa kwa mauzo, na fomu isainiwe hapo hapo uwanjani. Orodha ya wanaoingia bure ifungwe siku moja kabla, majina yaandikwe.

Kwenye mgawo, gharama zitoke kwanza, kwa risiti, kisha klabu zigawane nusu kwa nusu. Coastal wapo daraja la juu na watadai zaidi. Wasidai. Bila Sports hakuna mechi ya watani, na nusu hiyo inaweza kuwalipia jirani zao nauli za safari kadhaa za ligi.

Waamuzi wote wanne watoke nje ya mkoa. Orodha za wachezaji zifike kwa mwamuzi dakika 75 kabla ya mchezo. Gari la wagonjwa likiondoka na majeruhi, mchezo usimame hadi lije jingine.

Kuhusu kamati za ufundi, yaani wale wanaoshughulikia ushirikina wa klabu, tuseme wazi. Timu kukataa chumba cha kubadilishia nguo, kupita mlango usio wake, au kutuma watu usiku kumwaga vitu golini, kunachelewesha mchezo na kupandisha jazba ya majukwaani kabla mpira haujaguswa. Kila klabu iweke dhamana kwa chama, ikatwe kosa linapotokea. Vyumba vigawiwe kwa kurusha shilingi wiki moja kabla, mbele ya manahodha, ili asiwepo wa kusema amepangiwa. Uwanja ulindwe usiku na walinzi wawili wawili, mmoja wa kila upande.

Kwa hiyo mkutano wa viongozi usingoje Julai. Vipande vya ukoka vya golini vinahitaji wiki nane, na mvua ya Mei ndiyo itakayotuokolea maboza. Mazoezi yaondolewe Mkwakwani wiki ya kwanza ya Mei, na vipara vilimwe wiki ya pili, udongo ukiwa bado mbichi.

Mpenzi wa soka,
Ngamiani, Tanga.