Malalamiko Kuhusu Amplifaya ya Valvu Mliyoniuzia

Kwa Meneja,
Duka la Vyombo vya Muziki,
Kisumu.

Bwana Meneja,

KUH: AMPLIFAYA ILIYOUNGUA NA MATUSI YA FUNDI WENU

Nakusalimu kwa heshima. Nambari ya risiti mnayo na masharti ya waranti mliyaandika wenyewe, kwa hivyo sitayarudia. Amplifaya ya gitaa mliyoniuzia imeungua, na nilipoirudisha fundi wenu alinidhalilisha mbele ya wateja.

Nilimwambia kijana wa kaunta waziwazi kwamba hii ndiyo amplifaya yangu ya kwanza ya valvu, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti, nikamuuliza kuna nini cha kujua. Akanijibu, "Chomeka, washa, piga." Basi. Hakunionyesha swichi ya standibai, ile ya kusubiri. Hakusema valvu huachwa zipate moto kwanza, wala kwamba ukiiwasha na kuipiga bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutoa sauti inaweza kufa. Hayo yote nimejifunza kwingine, baada ya kulipa shilingi 72,000 kwenu.

Hata hayo ningeyameza. Nyuma ya kombo hilo, amplifaya na spika katika sanduku moja, kuna kibandiko: volti 120, hezi 60. Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50, Kisumu kama Kakamega. Chombo kilitengenezwa kwa soko la Marekani, nanyi mkakata plagi yake, mkafunga ya pini tatu ili kiingie kwenye soketi yoyote ya hapa. Mlipokijaribu dukani kililia vizuri, tena utamu wake sikatai. Lakini waya wake ulipita chini ya kaunta hadi kwenye kisanduku cheusi. Ile ilikuwa transfoma ya kushusha stima, Bwana Meneja. Mlikuwa nayo, mkaitumia, mkabaki nayo, nami mkanipakilia matatu ya Kakamega na bomu.

Nilipoiwasha nyumbani, zile valvu mbili za EL84 ziliwaka nyeupe kama balbu. Ikaja harufu ya vanishi, kisha moshi ukatoka upande wa transfoma.

Nikairudisha. Fundi wenu aliiweka juu ya kaunta, akakigonga kibandiko kwa bisibisi na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, hujui kusoma? Vitu hivi ni vya wanamuziki. Ninyi watu wa omutibo, gitaa kavu na chupa ya soda vinawatosha." Omutibo ni mtindo wetu Waluhya wa gitaa, na chupa ya soda hugongwa kushika mdundo. Wateja wakacheka. Kijana wa "chomeka, washa, piga" naye akacheka.

Waranti yenu inasema haihusu "matumizi mabaya". Je, kuchomeka plagi mliyoifunga ninyi kwenye soketi ya ukutani ni matumizi mabaya? Bendi yetu ilikuwa na harusi Mumias Jumamosi ile. Nilipiga kupitia spika za mtangazaji, gitaa likasikika kwa shida.

Nilikuwa nimekusudia kuomba mnibadilishie tu, mnipe ya volti 240. Ila kila nikiandika narudi pale kwenye kaunta, kwa sababu sijalisema lote. Kabla ya kunitukana, fundi alifungua kifuniko cha fyuzi kwa nyuma na kuitoa. Fyuzi ile ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Niliiona kwa macho yangu, imekunjwa vizuri, kingo zimeanza kuwa nyeusi. Nikauliza, "Hiyo ni nini?" Akafumba kiganja. Ndipo akapaza sauti, ndipo ikaja hiyo "hujui kusoma", ndipo chupa ya soda, ndipo vicheko, na kiganja kikaingia mfukoni. Mimi kifuniko kile sijawahi kukigusa. Kwa hivyo fyuzi halisi ilikatikia mikononi mwenu, mliposoma somo la volti 240 kabla yangu, na badala ya kununua nyingine mkaweka karatasi. Fyuzi ingekuwa nzima, ingekatika yenyewe na pengine transfoma ingepona. Hilo tusi lilikuwa pazia tu.

Kwa hivyo kubadilishiwa sitaki tena. Nataka shilingi 72,000 zangu zote, nauli ya kwenda na kurudi, na fundi huyo aniombe radhi palepale kwenye kaunta, dukani kukiwa na watu. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu alichonunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo. Mkinyamaza kwa siku 14, nakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Kombo nimelichukua, liko kwangu, halifunguliwi na mtu hadi siku hiyo.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Kakamega.

Tanbihi: Kijana wenu amenipigia simu sasa hivi, barua ikiwa bado mezani, ati niwaletee mniwekee fyuzi mpya bure. Fyuzi! Hizo siku 14 zimekuwa 7, na harusi ya Mumias nayo naiongeza kwenye madai.