Cocker Anayenuka, Kagua Masikio Kwanza

Simu hizi tumezizoea: "Mbwa wangu ananuka, nimlete mumwogeshe?" Tukisikia ni Cocker Spaniel, tunamwomba mteja amwinue sikio anuse pale ndani. Kimya kidogo, halafu: "Eee, ndipo harufu inapotoka!"

Cocker wa Kiingereza ni mbwa wa wastani, sentimita 38 hadi 41 begani, kilo 13 au 14 hivi. Uingereza alifugwa akurupushe ndege vichakani, na hamu hiyo hajaiacha. Subiri kaloli, yule korongo mkubwa wa jalalani, atue kwenye ukuta wako utaona. Ni mpole, anapenda watu, hataki kuachwa peke yake.

Tatizo ni yale masikio. Ni marefu, mazito, yana manyoya hadi ndani, na mfereji wa sikio hushuka kwanza ndipo ukate kona. Hewa haipiti. Kwa unyevu wa Kampala, hasa mvua za Machi hadi Mei, kuvu na bakteria hujistawia humo. Ukimwogesha na maji yakaingia, umeongeza moto kuni.

Sisi tunanyoa manyoya ya upande wa ndani na yanayozunguka tundu, tukikagua kupe waliojificha kwenye mikunjo. Nyumbani, mara moja kwa wiki, tia dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, kanda shina la sikio kwa vidole mpaka usikie chwaka-chwaka, kisha mwache atikise kichwa. (Kaa mbali. Kuta zetu ni mashahidi.) Futa kwa pamba kile kilichopanda juu. Vijiti vya pamba hapana, vinashindilia uchafu chini.

Ukiona usaha, au akilia ukimgusa, usitie chochote. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, dawa nyingine humletea uziwi.

Mlishe kwenye bakuli refu lenye mdomo mwembamba, masikio yabaki nje. Anayekula posho (ugali) na mukene (dagaa) kwenye sinia hutuletea masikio yaliyokaukiana kama kamba. Na mchuzi wenye vitunguu usimpe hata akikutazama kwa yale macho. Vitunguu huharibu damu ya mbwa.

Njoo na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, bila hiyo hatupokei. Kunyoa masikio peke yake kuna bei yake, huhitaji kulipia kuogesha.