Watunzaji wa vifaa vya kale wafuatwe wangali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee watu ambao majirani, na mara nyingine hata watoto wao, huwaona kuwa wanajaza takataka nyumbani: wale wanaotunza redio kuukuu, taipureta, simu za kuzungusha na kompyuta zilizokwisha kutupwa na maofisi.

Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhi magari yaliyotumiwa na viongozi wetu, na hilo ni jambo jema. Lakini redio ambayo mwananchi alisikilizia habari za Uhuru mwaka 1961 haikuwa mali ya Serikali, kwa hiyo hapakuwa na ofisi iliyowajibika kuitunza. Kama ipo hadi leo, ipo kwa sababu mtu fulani alikataa kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nimetengeneza redio kwa zaidi ya miaka 30. Miongoni mwa nilizobaki nazo imo Philips ya mbao, ambayo taa zake za kioo sharti zipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Ndani ya kifuniko cha nyuma, fundi aliyenitangulia aliandika kwa penseli kila kifaa alichobadilisha, na mahali pamoja akaeleza kwamba kapasita ya asili, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme, haikupatikana, akaunga mbili ndogo badala yake. Mistari hiyo michache inaeleza jinsi mafundi wetu walivyohangaikia vipuri, na anayejua kwamba ipo ni yule tu aliyewahi kukifungua kifuniko.

Jumba la historia ya kompyuta lililopo Mountain View, Marekani, lilianza kwa moyo wa namna hiyo. Wahandisi Ken Olsen na Robert Everett waliokoa sehemu za Whirlwind, moja ya kompyuta za mwanzo, zisiishie kwenye vyuma chakavu, na mwaka 1979 Gordon Bell na mkewe Gwen wakafungua makumbusho ndani ya jengo la kampuni ya kompyuta ya Digital, huko Massachusetts. Miaka michache baadaye yakawa taasisi isiyo ya kibiashara, na ndiyo maana hazina ile iliweza kuhamishiwa Boston na hatimaye California bila kugeuka mirathi ya mtu.

Mjini Seattle mambo yalikwenda vingine. Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft, alifungua mwaka 2012 makumbusho ambamo mgeni aliruhusiwa kuketi na kuzitumia kompyuta za zamani zikiwa zinafanya kazi. Alifariki mwaka 2018, milango ikafungwa mwaka 2020 wakati wa korona, na mwaka 2024 wasimamizi wa mirathi yake wakatangaza kwamba haitafunguliwa tena. Vitu kadhaa vikapigwa mnada. Inaniuma kila nikifikiri, kwa sababu fedha hazikuwa tatizo pale.

Ndiyo maana naziomba taasisi zetu za makumbusho ziwatafute watunzaji hawa sasa, ziandike nani ana nini, na pale mwenye mali anaporidhia, pawekwe hati ya makabidhiano inayotaja pia vitabu vya maelekezo, vipuri na masharti ya kutouza. Mimi nina redio 14. Niko tayari kuzikabidhi zote, nikiletewa hati hiyo pamoja na kijana mmoja wa kumfundisha namna ya kuziwasha bila kuziunguza.

Fundi redio mstaafu,
Tanga