Watoto wanapewa Kiingereza cha amri, cha mazungumzo watakipata wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme na wazazi wenzangu wa hapa Arusha, hasa waliopeleka watoto shule zinazofundisha kwa Kiingereza, pamoja na wenye shule wenyewe. Mimi ni dereva wa basi la shule. Kabla ya hapo nilikuwa dereva wa watalii, nikizunguka Manyara, Ngorongoro na Serengeti kwa miaka mingi, kwa hiyo Kiingereza kimenilisha na kunisomeshea wanangu. Sina ugomvi nacho. Ninachogombea ni namna sisi watu wazima tunavyokitumia mbele ya watoto.

Alfajiri napita Ngaramtoni, nakuja Sakina, naelekea mjini. Kila geti mzazi anamkabidhi mtoto kwa matroni, na hapo ndipo unasikia Kiingereza cha nyumbani: “Go! Sit! Don't cry! Eat all your food!” Mlango wa basi haujafungwa vizuri, mzazi kashamgeukia jirani na kuanza kumweleza kwa Kiswahili jinsi upepo wa usiku ulivyong'oa bati la banda la kuku, nani alitoka na tochi, kuku wangapi walipatikana kwa jirani, na vicheko juu. Mtoto kaondoka na zile amri. Kisa kimebaki getini.

Matokeo yake nayasikia safari nzima. Kuamrishana na kushtakiana kwa Kiingereza watoto wanakujua sana. “Give me!” “Move!” “Anko, this one is beating me!” Hapo hawana shida, maana ndicho wanachopewa kutwa. Ngoja sasa mmoja wao awe na jambo la kusimulia.

Juzi juzi kuna mtoto wa chekechea alikaa nyuma ya kiti changu, uso umejaa habari. “Anko, our dog… our dog…” Akakwama. Akajaribu tena, akafika kwenye “babies”, akakwama, akageukia dirishani. Nikamwambia haya, nipe kwa Kiswahili. Weee! Mbwa wao kajifungua usiku chini ya gari la baba, watoto watano, mmoja mkia wake ni kishungi tu. Baba anachelewa kazini, anataka kuwasha gari, bibi kasimama mbele ya boneti anasema gari haliondoki hapa mpaka jua lichomoze. Baba ikabidi apande bodaboda na koti lake la suti. Mtoto alisimulia mpaka Mnara wa Saa, akaigiza na sauti ya bibi. Sasa huyo utasema hajui kujieleza? Anajua kuliko baadhi ya wabunge. Ila hajawahi kumsikia mtu mzima akisimulia jambo kwa Kiingereza, angeiga wapi?

Shule moja niliyowahi kuiendeshea gari ilipiga marufuku Kiswahili hadi ndani ya basi. Mtoto mmoja akawa amekaa kimya, jasho linamtoka, hajui kichefuchefu atakisema vipi kwa lugha inayoruhusiwa. Alitapika juu ya begi la mwenzake. Matroni wa siku zile akamgombeza, tena kwa Kiswahili.

Halafu kuna dada wa kazi. Binti katoka Kondoa au Iramba, kaishia darasa la saba, anajua nyimbo, anajua hadithi za sungura na fisi usiku kucha. Siku ya kwanza tu mama mwenye nyumba anampa sharti: na mtoto usiongee Kiswahili. Kwa hiyo mtu anayeshinda na mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni anabaki na “come”, “eat”, “sleep”, na “no”. Tumemfunga mdomo mtu pekee nyumbani mwenye muda wa kuongea na mtoto, halafu tunashangaa mtoto hana maneno.

Mimi Kiingereza sikukipata darasani. Nilianza kambini kama msaidizi wa mpishi, nikakariri yale ya kuwaeleza wageni: Olduvai, mwaka 1959, mtafiti Mary Leakey na fuvu la kale la Zinjanthropus, Laetoli, nyayo za watu wa kale, mwaka 1978. Hayo nilikuwa nayateremsha bila kupumua. Lakini mgeni akiuliza tu mama yako hajambo, wewe ni wa ngapi kwenu, nasema “yes” na kukimbilia jikoni. Aliyenifungua ni mzee mmoja, muongoza watalii wa siku nyingi. Jioni alikaa na wageni motoni akazungumza nao taratibu, sentensi nzima nzima. Alibishana nao, akawatania, akaomba radhi gari lilipoharibika, akamkatalia mgeni kushuka kwenye gari karibu na simba na mgeni asinune. Mimi naosha masufuria, masikio yako kule. Hakunifundisha hata siku moja. Ni kama utingo anavyojua gari, kwa kukaa ubavuni mwa anayeendesha. Angekuwa anasikia “shuka, panda, funga mlango” tu, gia asingeijua mpaka leo.

Hofu ya wazazi naielewa. Tangu mwaka 1967 shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari ni Kiingereza, na toleo la 2023 la Sera ya Elimu ya 2014 halikuugeuza utaratibu huo. Kidato cha kwanza kinawameza watoto, kila mtu anajua. Binti yangu aliyeko chuo cha ualimu alinieleza kuwa mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu wakakuta Kiingereza cha wengi wao sekondari hakitoshi kufuatia masomo mengine. Mwaka 1984! Mimi nilikuwa bado nachunga mbuzi. Ndiyo maana mtu anajinyima, anauza hata kiwanja alipe ada. Ila ada haiwezi kufanya kazi ambayo inafanywa na masikio ya mtoto sebuleni.

Basi mzazi mwenye Kiingereza chako, zungumza na mwenzako mtoto akisikia. Msimpe mtihani, ongeeni mambo yenu. Kwenye basi langu mimi na matroni tunafanya hivyo. Yeye alikuwa mapokezi hotelini, anaongea vizuri. Tunabishana bei ya nyanya soko la Kilombero, tunaulizana harusi ya Jumamosi ilikuwaje. Mwanzoni watoto walikuwa wanasikiliza tu. Siku moja nyuma huko ikatoka sauti: “No, Anko, my mother she buyed for one thousand!” Matroni hakumcheka wala hakumsahihisha mbele ya wenzake. Alimjibu, “Oh, she bought them for one thousand? Where did she buy them?” Mtoto akaendelea kueleza, na mara ya pili akasema “bought” mwenyewe. Wala hatuwafundishi kubana pua kama katuni za Marekani. Kiingereza chetu kina lafudhi ya Arusha na wageni kutoka kila upande wa dunia walikuwa wananielewa.

Mzazi usiye nacho, mpe mtoto Kiswahili kamili, au Kimeru, au Kimaasai, kwa visa na mabishano yake. Mtoto aliyezoea kupanga kisa kutoka mwanzo hadi mwisho, akikutana na mwalimu mzuri wa Kiingereza atatafuta maneno tu, kisa anacho tayari. Na huyo dada mfungulieni mdomo leo hii.

Wenye shule, mnapoajiri matroni na madereva mnauliza leseni na cheti cha afya, jambo jema. Ongezeni dakika tano za kupiga naye soga kwa Kiingereza, maana watoto wanakaa naye saa mbili au tatu kwa siku. Yale mabango ya mlangoni kwamba asiyeongea Kiingereza hahudumiwi yatoeni, hayajamfundisha mtoto chochote zaidi ya kuogopa ofisi. Na walimu, kwa heshima zote: nikiwa nasubiri pale chini ya mti saa nne nawasikia mkinywa chai. Darasani mlikuwa na Kiingereza, kengele ikigonga mnakiacha ubaoni. Sogezeni viti vyenu karibu na uwanja, mzungumzie mpira wa jana kwa Kiingereza, kwa sauti, watoto wakiwa wanapita na vikombe vyao vya uji.

Dereva wa basi la shule,
Sakina, Arusha.