Pimeni presha ya mafuta kabla ya kufungua laptopu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu magari ya zamani ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) yanayovuliwa kompyuta ya kiwandani inayoongoza injini na kufungwa nyingine, au yanayoongezewa kisanduku cha kubadilisha ishara za sensa. Pistoni zikitoboka, lawama huangukia kompyuta mpya au presha ya tabo iliyopandishwa. Mimi nasema tuanze kwa kuuliza kama petroli ilikuwa inafika. Jibu lake hupatikana kwa geji ya presha na mita ya umeme, kabla mtu hajagusa laptopu ya kurekebishia kompyuta hiyo.

Magari mengi ya petroli ya miaka ya 1980 na 1990 yenye nozeli za umeme (vifaa vinavyonyunyizia petroli kwenye injini) yalipangiwa presha ya takriban bar 3, ikipimwa baada ya kuchomoa mpira mwembamba unaounganisha regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli) na manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa). Mpira ukirudishwa, presha hufuata hewa ya manifoldi: hushuka injini ikiunguruma gari limesimama, na tabo ikisukuma bar 1 geji lazima isome bar 4. Kinachopitisha petroli kwenye nozeli ni tofauti kati ya presha ya mafuta na presha ya hewa iliyoko mdomoni mwa nozeli. Mpira ukipasuka au ukisahauliwa, tofauti hiyo hubaki bar 2, na kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, nozeli hupoteza kama asilimia 18 ya petroli wakati injini inapoihitaji kuliko wakati wowote. Fundi anaweza kufidia kwa kuongeza namba kwenye jedwali la mafuta (namba zinazoiambia kompyuta petroli ya kumwaga), lakini siku mtu mwingine akiurudisha mpira mahali pake hesabu yote imeharibika. Na tafadhali, anayetaka geji ya presha kwenye dashibodi atumie sensa ya umeme. Bomba la petroli halina nafasi ndani ya chumba cha abiria.

Geji ikionyesha presha inaanguka mizunguko ya injini inapopanda, pampu haiwezi kazi au haipati umeme wa kutosha. Anzeni na umeme, maana ni rahisi kupima. Washeni injini na taa kubwa, mpime volti kwenye plagi ya pampu yenyewe, halafu kwenye betri. Pengo likizidi nusu volti, tafuteni waya mwembamba uliochoka, rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme) iliyoungua midomo au eathi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) yenye kutu. Dawa ni waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu kabisa na betri, rilei mpya, na waya wa zamani ubaki na kazi ya kuiamsha rilei tu. Baadhi ya magari ya Kijapani hupunguza volti za pampu kwa makusudi wakati wa mwendo mdogo; kompyuta ya kiwandani ikiondolewa, hakikisheni kuna kitu kinachozirudisha volti kamili mtu anapokanyaga mafuta. Pampu inayouzwa kama ya lita 255 kwa saa haitoi kiasi hicho katika kila hali. Presha ikipanda, utoaji hushuka, kwa hiyo someni jedwali la mtengenezaji kwenye presha mtakayotumia.

Ukubwa wa nozeli hupatikana kwa hesabu, si kwa kununua kubwa kuliko zote dukani. Injini ya tabo hukadiriwa kutumia gramu 270 za petroli kwa kila nguvu farasi moja kwa saa. Farasi 250 zinahitaji kilo 67.5 kwa saa, karibu lita 91. Gawanyeni kwa silinda 4, mgawanye tena kwa dakika 60, mtapata kama sentimita za ujazo 380 kwa dakika kwa kila nozeli. Kisha gawanyeni kwa 0.85, kwa sababu nozeli haitakiwi kukaa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake: jibu ni karibu 450. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika mzunguko mzima wa injini huchukua milisekunde 20. Nozeli iliyo wazi kwa zaidi ya 17 inakosa nafasi ya kufunga na kufungua vizuri, na petroli inayotoka haitabiriki tena.

Pimeni pia ukinzani wake. Nozeli za ohm 2 hadi 3 haziunganishwi moja kwa moja na kompyuta iliyotengenezewa za ohm 12 hadi 16. Transista za kompyuta zitaungua. Zinahitaji vizuizi vya umeme kwenye njia yake, ambavyo magari mengi ya zamani yalikuja navyo, au kompyuta inayoweza kudhibiti mkondo wenyewe.

Kuna namba moja ambayo wengi huiruka: muda mfu wa nozeli, yaani muda unaopita tangu umeme ufike hadi petroli ianze kutoka. Kwa nozeli nyingi za zamani ni karibu milisekunde 1 kwenye volti 14, na hurefuka volti zikishuka. Gari likiunguruma limesimama, nozeli inaweza kuwa inafunguliwa milisekunde 2 tu kwa jumla, hivyo kosa la 0.2 hapo ni kubwa mno, ilhali kwenye mzigo kamili halionekani. Mkiona mchanganyiko unabadilika kila feni au taa kubwa zinapowaka, msiguse jedwali la mafuta. Sahihisheni muda mfu kwa takwimu za nozeli hiyo hiyo, si za inayofanana nayo.

Nozeli zilizotumika zisafishwe kwa mashine na zipimwe utoaji, zote zikiwa ndani ya asilimia 2 hadi 3. Sababu ni hii: sensa ya oksijeni ya kwenye eksozi husoma wastani wa silinda zote. Silinda tatu zikiwa kwenye lamda 0.78 (lamda 1 ni petroli inayolingana kamili na hewa; chini yake petroli imezidi, ndio mchanganyiko mzito, na juu yake imepungua, ndio mwepesi) na moja kwenye 0.90, skrini itaonyesha 0.81 na kila mtu atafurahi, huku silinda ya nne ikiyeyuka.

Sasa hicho kisanduku cha kubadilisha ishara. Kinavyofanya kazi, huiambia kompyuta ya kiwandani kwamba hewa inayoingia ni kidogo kuliko ilivyo, ili nozeli kubwa zifunguliwe kwa muda mfupi zaidi. Lakini kompyuta hutumia ishara hiyo hiyo ya hewa kuchagua taimingi ya cheche, yaani wakati wa plagi kuwasha petroli. Ikidhani mzigo ni mdogo, inawahisha cheche, na injini inaanza kugonga (petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda) hata kama mchanganyiko ni sahihi kabisa. Kadiri nozeli zinavyozidi kuwa kubwa, ndivyo uongo unavyokuwa mkubwa na taimingi inavyozidi kupotoka. Kwa marekebisho madogo kisanduku kinafaa. Kwa nozeli zilizoongezwa nusu ya ukubwa, kwa maoni yangu hakifai, na pesa yake iende kwenye kompyuta inayoongoza mafuta na cheche pamoja.

Kwa upimaji, sensa ya oksijeni ya zamani haisaidii chini ya tabo. Inasema kweli karibu na lamda 1 tu. Inahitajika ya masafa mapana, kama Bosch LSU 4.9, ifungwe baada ya tabo, imeinamishwa ili maji yasikae ndani yake. Eksozi ikivuja kabla yake, au silinda ikikosa kuwaka, itasoma mchanganyiko mwepesi wakati si kweli, kwa sababu inaona oksijeni isiyoungua. Eathi ya kidhibiti chake iungwe mahali pamoja na eathi ya kompyuta, la sivyo namba za kwenye laptopu zitatofautiana na za kwenye geji.

Hapo ndipo laptopu inafunguliwa. Injini iwe na moto wa kawaida, taimingi iwekwe ya tahadhari, presha ya tabo iachwe kwenye kiwango cha chini kabisa cha springi ya valvu inayoizuia tabo, na marekebisho ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe kwa kusoma lamda yazimwe kwa muda. Kazi ifanyike kwenye dainamomita (mashine ya kupimia nguvu za gari likiwa karakana), si barabarani. Kila kisanduku cha jedwali hurekebishwa kwa kuzidisha namba iliyopo kwa lamda iliyosomwa, kisha kugawanya kwa lamda inayotakiwa: kama namba ni 80, imesomwa 0.88 na inatakiwa 0.80, mpya ni 88. Kabla ya kupanda mstari wa juu wa presha, ujazeni kwanza kwa makisio ya mchanganyiko mzito. Mwendo wa taratibu unakaa kwenye lamda 1, na chini ya tabo petroli ya kawaida hutakiwa kati ya 0.78 na 0.82. Ikivuka 0.85 tabo ikisukuma, mguu utoke palepale. Nyongeza ya petroli ya kukanyaga ghafla na ile ya injini baridi hurekebishwa mwishoni. Anayeanza nazo anaficha makosa ya jedwali.

Kwa gari linalopima hewa kwa sensa ya kwenye bomba la kuingizia, valvu ya kupumulia (inayoachia hewa ya tabo mguu unapotoka kwenye mafuta) inayotupa hewa nje huleta mchanganyiko mzito kila mguu unapotoka, maana kompyuta imeshaihesabu hewa iliyotupwa. Irudisheni hewa hiyo kwenye bomba, kati ya sensa na tabo.

Ombi langu kwa wenye karakana ni kwamba mteja akabidhiwe faili la jedwali na rekodi ya mzunguko wa mwisho, ikionyesha presha ya mafuta, presha ya manifoldi, lamda, volti na asilimia ya muda wa nozeli kwa wakati mmoja. Kama kompyuta ina ulinzi wa kukata mafuta lamda inapopanda chini ya tabo, uwashwe kabla gari halijatoka. Na mteja naye akibadilisha aina ya petroli, hasa akihamia yenye ethanoli nyingi, arudi kupimwa kabla ya kukanyaga mafuta hadi chini.

Wako,
Fundi wa umeme wa magari