Mheshimiwa Waziri, kabla ya roketi walipe wanaosoma picha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utafiti wa Kisayansi, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Lubumbashi. Kila habari za setilaiti ya Kongo zikirudi redioni, vijana wa hapa huuliza itarushwa lini. Mimi nauliza: ikisharuka, nani atakaa mbele ya kompyuta kuisoma, na nani atamlipa?

Sisi wa Katanga roketi tulishaziona. Mwaka 1975 Mobutu aliipa kampuni ya roketi ya Kijerumani, OTRAG, eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi upande wa Manono. Mwenyekiti wake alikuwa Kurt Debus, aliyeongoza kituo cha Kennedy kule Florida Wamarekani walipokwenda mwezini. Hao hawakuwa watu wa mchezo. Walirusha mara tatu, 1977 na 1978, na ile ya tatu ikapotea njia ikaanguka, Mobutu mwenyewe akitazama. Mwaka 1979 kelele za kisiasa zilizidi, wakafukuzwa, wakahamia Libya. Ujuzi wote ulikuwa vichwani mwao, wakaondoka nao.

Halafu ikaja ahadi ya pili: setilaiti ya CongoSat, mkataba na Wachina, 2012. Hiyo tunaingojea bado.

Katikati ya hayo kuna inzinieri wetu Jean-Patrice Keka, aliyerusha roketi zake za Troposphere pale Menkao, karibu na Kinshasa, kwa kampuni yake mwenyewe. Watu walimcheka kwa sababu ya panya aliyempakia ndani ya roketi moja. Cheka utakavyo, lakini pale Menkao waliokuwa wakifunga vyombo na kupiga hesabu ni Wakongo.

Tazama jirani zetu. Angola walipoteza mawasiliano na setilaiti yao AngoSat-1 baada tu ya kurushwa, Desemba 2017. Hasara kubwa. Lakini walikuwa wamekwisha kusomesha mainzinieri wao na kujenga kituo Funda, karibu na Luanda, basi AngoSat-2 iliporushwa 2022 ilikuta watu wanaingoja. Kenya walianzisha shirika lao la anga 2017, na setilaiti yao ndogo, Taifa-1, ikapanda roketi ya Marekani Aprili 2023.

Na hapa? Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hutupigia picha kila baada ya siku tano hivi, bure. Za Wamarekani, Landsat, nazo ni bure tangu 2008, na kumbukumbu zake zinaanzia 1972. Picha ni bure, mega za intaneti si bure. Faili moja inakaribia jigabaiti nzima. Mwanafunzi anaipakua usiku, umeme unakatika, anaanza upya. Ikifunguka, msitu wa miombo unaonekana mwekundu, maana ndivyo rangi zinavyopangwa, na penye miti iliyokatwa kwa makala, yaani makaa, pamegeuka kijivu. Ukiweka picha ya miaka ya themanini kando ya hii ya leo, unaona kijivu kinavyofuata barabara ya Kasenga, kijiji kwa kijiji, hadi kule zinakotoka kinga (baiskeli) zilizobeba mifuko ya makala tunayopikia bukari, ugali wetu. Akimaliza, kazi yake inakuwa karatasi ya diploma. Hakuna ofisi inayomwita Jumatatu kumuuliza ameona nini.

Kwa hiyo tunaomba kitu kidogo kuliko roketi. Fungua kitengo hapa Lubumbashi, pamoja na Chuo Kikuu, chenye intaneti isiyokatika na watu wachache wenye mshahara wa serikali unaofika. Kazi yao iwe kusoma picha za msitu, za migodi na za mito, na kumpelekea gavana ripoti kila mwezi. Na mkataba wowote wa setilaiti utakaotiwa sahihi, usitiwe kabla haujaandikwa ni Wakongo wangapi watafundishwa, wapi, na nani atawaajiri wakirudi.

Ukituma watu wako waje kuona, waje mwezi wa nane, kiangazi. Mawingu ni machache, na moto wa porini unaonekana wazi kwenye picha.

Kwa heshima,
Mwalimu wa jiografia, Lubumbashi