Wacha hawa watoto walale

Mama Neema dadangu,

Salamu nyingi kutoka huku Kinangop kwenye baridi, natumai huko Kilifi mko salama na Neema ashapona ile homa. Najua nilisema nitapiga simu lakini haya mambo ni marefu, wacha tu niandike.

Shule yetu inataka kubadilisha ratiba. Alhamisi tulikaa kikao kuanzia saa tisa mpaka giza likaingia, prinsipo akabandika ratiba mbili ukutani, ya sasa na ile anayopendekeza, akasema bodi inataka kusikia walimu kabla haijaamua. Na ilibidi, kwa sababu mwaka huu si unajua vile tuko, gredi ya kumi ya kwanza ya mtaala mpya imeingia na fomu thrii na fomu foo bado wako kwa mtaala wa zamani, na hao wa gredi ya kumi wamegawanyika kwa zile njia tatu, ya sayansi, ya masomo ya jamii na ya sanaa na michezo, na kila mtoto ana masomo yake matatu ya kuchagua, kwa hivyo hata tungetaka kubaki na ile ratiba ya zamani haiwezekani. Lakini mimi kilichonishika si vipindi. Ni saa ya kuamka.

Sasa hivi kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri. Prepu saa kumi na moja mpaka kumi na mbili na nusu, halafu uji, usafi, paredi, vipindi mpaka jioni, prepu tena mpaka saa nne usiku, taa zinazimwa saa nne na nusu. Hesabu mwenyewe, ni masaa sita, na hayo ni kama mtoto amepata usingizi pale pale taa zilipozimwa, na wewe umekaa bweni unajua haiko hivyo.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu, nikapita fomu foo kama saa kumi na moja na robo. Kuna msichana anakaa nyuma karibu na dirisha. Nikaona viatu vyake vimepangwa vizuri kando ya dawati, soksi zimekunjwa ndani, nikainama kuangalia, miguu yote miwili iko ndani ya beseni ya maji baridi. Dadangu, hapa Kinangop, alfajiri hiyo, nyasi nje zimeganda barafu! Kitabu kiko wazi mbele yake, kalamu iko mkononi, ameandika mstari mmoja halafu kalamu ikateleza ikachora mpaka mwisho wa karatasi. Nikamwambia toa miguu. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, nikitoa nitalala."

Nilimpa shuka yangu nikatoka nje, nikasimama pale kwa veranda kitambo.

Na hii prepu ya alfajiri haikuwepo wakati nilihamia hapa. Ilikuja 2021, unakumbuka tulipotoka kwa korona, shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020, tukaanza kukimbizana na silabasi, mihula minne ndani ya mwaka mmoja, 2021 na 2022 yote. Tulikubaliana ni ya dharura. Kalenda ikarudi kawaida 2023 na sisi tukabaki na kengele ya saa kumi na nusu kama vile tumezaliwa nayo. Hakuna siku tulikaa tukaamua iendelee, iliendelea tu.

Kitu kinachoniuma ni kwamba sheria iko. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimesema wazi kabisa, shule ya bweni vipindi ni saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu, prepu ya jioni inaisha saa tatu na nusu usiku, na kutoka hapo mpaka saa kumi na mbili asubuhi mtoto ni wa kulala. Masaa nane na nusu. Ratiba mpya ya prinsipo ni hiyo hiyo ya kanuni, hajabuni kitu, na bado kuna watu walinuna kana kwamba anataka kufunga shule.

Niliposimama niliongea kama mwalimu wa bayolojia. Niliwaambia mtoto akibalehe saa ya mwili inasogea mbele, ile homoni ya usingizi, melatonini, inachelewa kutoka usiku na asubuhi inachelewa kuondoka, sasa ukimwamsha saa kumi na nusu unamtoa kwa usingizi katikati, na usingizi ndio ubongo unatumia kuhifadhi yale tumefundisha mchana. Madaktari wa usingizi wanasema umri huu unataka masaa nane mpaka kumi. Nikawapa mfano wa Seattle kule Marekani, 2016 walisogeza shule za sekondari kutoka saa mbili kasoro dakika kumi mpaka saa tatu kasorobo, watafiti wakawapima watoto kwa vifaa vya kuvaa mkononi kama saa wakakuta wanalala dakika 34 zaidi. Wengi walikuwa wamesema wataongeza tu kuchelewa kulala, haikuwa hivyo. Naibu wa prinsipo akasema hao ni Wazungu. Nikamwambia hii ni mwili, mwili wa mtoto wa Njabini na wa Seattle unabalehe namna moja.

Hoja yake nyingine ni kwamba shule jirani wanaamka saa kumi kamili na wazazi wakisikia wetu wanalala mpaka saa kumi na mbili watawahamisha. Hiyo sikuipa uzito sana. Aliyenipa kazi ni mwalimu wa hesabu. Huyo ni mtu anapenda watoto kwa dhati, kuna wale amewatoa E mpaka C kwa hiyo prepu ya alfajiri, halipwi kitu na anatoka kwake na pikipiki kwa ukungu. Akaniuliza, "Ukiniondolea hiyo saa na nusu, unanipa gani?" Na ni kweli, kwa wiki ni masaa saba na nusu. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwomba tu Ijumaa alfajiri asifundishe, asimame mbele ahesabu wanaosinzia. Alikuja stafrumu saa moja, akaniambia darasa lina 48, alifika kumi na tisa akaacha kuhesabu. Akakaa kimya akinywa chai yake, hakusema amebadilisha mawazo.

Sasa ndio maana nakuandikia. Uliniambia nyinyi mliondoa prepu ya alfajiri mwaka juzi. Hayo masomo ya ziada ya hesabu mliyapeleka wapi? Hapa wengine wanataka yaingie saa ya michezo, na mimi hiyo nitaikataa mpaka mwisho, hawa watoto wakinyang'anywa mpira pia watabaki na nini. Jumamosi asubuhi inatosha? Na fomu foo walichukuliaje, walipolala zaidi walilalamika ama walishukuru?

Piga picha ratiba yenu unitumie kabla ya Jumanne, ndio siku tunakaa tena, na ukiweza muulize mwalimu wenu wa hesabu aandike mistari miwili kwa mkono wake, huyu wetu atamsikiliza mwenzake kuliko mimi.

Salimia baba Neema na watoto wote.

Ni mimi dadako,
Mama Wangari

Shuka bado iko na yule msichana, sijaiuliza.